Huyo wa Mwisho Ana Majani Mangapi?

Siku niliyowawekea filamu ya The Odd Life of Timothy Green, mpwa wangu alikuwa na miaka 7, na ilikuwa imepita miezi 16 tu tangu dada yangu na shemeji wamuasili. Idadi ya miezi naijua kwa sababu dada alikuwa akiihesabu. Walikuwa wametafuta mtoto kwa miaka tisa, wamekwenda kila walikoelekezwa, na mwishowe wakampata huyu, ambaye alifika kwao akiwa amekwisha kupita mikononi mwa walezi wawili. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza kulala usiku kucha. Kabla ya hapo alikuwa anaamka, ananyata hadi mlangoni kukagua kama viatu vyake bado vipo, kisha anarudi kitandani.

Sikukurupuka. Nilitumia jioni mbili kusoma maoni ya watu kuhusu filamu hiyo kabla ya kuichagua, na ndiyo sababu naandika. Laiti ningeiokota tu na kuiwasha, ningesema nilizembea, basi yakaisha. Lakini nilisoma, tena nilisoma sana, na bado nikamuumiza mtoto niliyekuwa nataka kumfurahisha. Najua wapo wengi wanaochagulia familia zao filamu kwa njia ileile niliyoitumia mimi.

Nitaisimulia hadithi yenyewe mpaka mwisho, kwa kuwa kukwepa kuujua mwisho ndilo lilikuwa kosa langu la kwanza.

Ni filamu ya mwaka 2012 ya Walt Disney, iliyoongozwa na Peter Hedges. Cindy na Jim Green, wanaoigizwa na Jennifer Garner na Joel Edgerton, wanaambiwa na daktari kwamba hawatapata mtoto. Usiku huo wanakaa wawili, wanaandika kwenye vikaratasi sifa za mtoto ambaye wangekuwa naye, wanavitia kwenye kisanduku cha mbao na kukizika bustanini. Mvua inashuka. Kabla hakujapambazuka wanamkuta mvulana ndani ya nyumba, mwili mzima matope, na miguuni ameota majani. Jina lake Timothy, na anawaita mama na baba. Anakaa nao kwa muda mfupi, anagusa maisha ya kila aliye karibu nao, huku majani yakipukutika moja baada ya jingine. Jani la mwisho likidondoka, anatoweka. Hadithi yote hiyo wanaisimulia wao wenyewe mbele ya maofisa wanaoshughulikia maombi yao ya kuasili mtoto, na filamu inaishia pale gari linapofika nyumbani kwao likimleta msichana mdogo anayeitwa Lily.

Nilikuwa nimeusoma muhtasari hadi pale kwenye kisanduku na mvua. Baada ya hapo niliacha, nisijiharibie utamu.

Kisha nikaenda kwenye maoni. Kwenye Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya maoni ya wahakiki na ya watazamaji, wahakiki walioisifu hawakufika asilimia 40. Nilijipa jibu upesi: wahakiki hawapendi filamu tamu, wameona nyingi mno, mioyo yao imekuwa migumu. Nikaruka hadi kwa watazamaji wa kawaida, na huko nikakuta nilichokuwa nakitafuta. Watu walikuwa wamelia, walikuwa wamewakumbatia watoto wao. Mmoja aliandika kwamba kila familia iliyoasili mtoto iitazame. Nilipofika kwenye sentensi hiyo nilifunga kompyuta nikampigia dada simu kuwaalika Jumamosi.

Watu husema penye wengi hapaharibiki neno. Mimi niliamini wengi wamesema, na sikujiuliza hao wengi walikuwa kina nani, wala walikaa na nani pembeni yao walipokuwa wakitazama.

Tulikuwa wanane sebuleni: mama yangu, dada na shemeji, mimi na mke wangu, watoto wetu wawili, na mpwa wangu aliyekaa sakafuni mbele ya miguu ya mama yake. Dakika za mwanzo, pale daktari anapotoa habari, nilimtupia dada jicho. Alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili na hanywi. Nikajiambia atapoa muujiza ukianza. Na kweli muujiza ulipoanza sebule ilichangamka. Watoto wangu walicheka yale matope. Mama alisifia rangi za miti ile, na hapo alikuwa na haki: picha zimepigwa na John Toll, mtu aliyewahi kupata Oscar mara mbili, na vuli ya humo ndani inapendeza macho kuliko filamu nyingi za watoto ninazozijua.

Jani la kwanza lilipodondoka, mpwa wangu alikunja miguu akaikalia.

Niliona. Nilidhani anaigiza, watoto huigiza wanachokiona. Jani jingine likadondoka, naye akavuta soksi juu. Leo nikikumbuka naona kila kitu kilikuwa wazi mbele yangu, lakini nilikuwa nimejaa furaha ya mwenyeji ambaye wageni wake wametulia.

Mwisho ulipofika, mama alipiga makofi huku machozi yanamtiririka. Lily alishuka kwenye gari, muziki ukapanda, mke wangu akawasha taa. Mpwa wangu akanigeukia.

"Mjomba, huyo wa mwisho ana majani mangapi?"

Nilimjibu papo hapo, kwa sauti ya kumtoa wasiwasi: "Hana majani, huyo ni mtoto wa kweli."

Shemeji alifumba macho. Dada alimnyanyua mtoto, akamtafutia viatu, wakaaga. Mpaka walipokuwa mlangoni ndipo nikasikia mtoto anamuuliza mama yake kwa sauti ndogo kama Timothy aliondolewa kwa sababu hakuwa wa kweli.

Saa saba usiku dada alinitumia ujumbe wa maneno matatu: "Amelala na viatu."

Ilichukua wiki tano kabla ya kulala bila viatu. Walirudi kwa mshauri wa watoto waliyekuwa wamekwisha kuachana naye, wakaanza upya mambo ambayo waliyamaliza miezi kadhaa nyuma. Niliomba nilipie mimi. Shemeji alikataa kwa upole, na upole ule uliniuma kuliko kama angenifokea. Dada hakuja kwetu kwa miezi mitatu. Tulikuwa tunaongea kwa simu, tunaulizana habari, basi. Siku moja tu aliligusa jambo lenyewe.

"Mdogo wangu, uliitazama kwanza?"

"Nilisoma maoni, dada."

"Sijakuuliza hivyo."

Baadaye, katika simu hiyohiyo, alisema jambo ambalo nimelibeba hadi leo. Alisema watu wale wanalia usiku mmoja, wanaandika vikaratasi, na kabla ya asubuhi wana mtoto. "Mimi nililia miaka tisa. Na huyu wangu hakutoka bustanini. Ametoka kwa watu, ana mambo yake, ana mama mwingine anayemkumbuka." Halafu akanyamaza, akaniuliza watoto wangu hawajambo.

Baada ya simu ile ndipo nilipokwenda kusoma wahakiki. Nilikuwa nimeiangalia asilimia yao tu; maandishi yao sikuwahi kuyafungua.

Kwanza niligundua sikuwa najua hata ile asilimia inamaanisha nini. Nilidhani filamu iliyopata 40 imepewa 40 kati ya 100, kama mtihani. Sivyo. Ile ni sehemu ya wahakiki waliotoa maoni ya kusifu, haidhuru walisifu kwa nguvu au kwa kujikongoja. Filamu ambayo kila mhakiki anasema "si mbaya, inatazamika" inaweza kupata 100, na filamu iliyowagawa watu vikali, nusu wanaiabudu na nusu wanaichukia, ikapata 50. Mstari wenyewe wa kuitwa nzuri uko kwenye 60. Metacritic, tovuti nyingine ya kukusanya maoni ya wahakiki, wao hufanya kazi tofauti: wanachukua alama za wahakiki, wanawapa wengine uzito zaidi, kisha wanatafuta wastani. Huko filamu hii ilikuwa karibu na 50. Ukiziweka alama hizo mbili pamoja picha inabadilika. Wahakiki hawakuichukia kama nilivyodhani. Wengi walikuwa katikati, wameona kitu kizuri na kitu kinachowakera, na katika kuhesabu ndiyo-au-hapana wakaangukia hapana. Na Roger Ebert wa Chicago, mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1975, aliisifu waziwazi. Hata hadithi niliyojipa kwamba wahakiki wote wana mioyo migumu haikuwa na msingi.

Upande wa watazamaji nao nilikuwa nimeusoma vibaya. Kwenye IMDb, tovuti ya filamu ambako watazamaji hutoa alama, alama yake ni sita na ushee kati ya kumi, ambayo si alama ya filamu iliyopendwa na kila mtu. Mimi sikuona namba, niliona machozi. Anayeandika mara nyingi ni aliyeguswa sana au aliyeudhika sana. Yule aliyetazama, akainuka, akaenda kulala, haandiki. Hata upimaji wa makini una mipaka yake. CinemaScore, ambayo ilianza mwaka 1979, huwauliza watu wanaotoka kwenye kumbi za Marekani usiku wa kwanza filamu inapoonyeshwa. Hao ni watu waliovutiwa na tangazo, wakatoka nyumbani, wakakata tiketi, na kwa filamu ya familia mara nyingi ni mzazi aliyetazama mtoto wake akicheka. Wanasema ukweli wao, lakini ni ukweli wa watu waliokuja wakiwa tayari wanapenda. Filamu hii iligharimu dola milioni 25 hivi, na Marekani peke yake ikaingiza zaidi ya milioni 50, kwa hiyo watu kama hao walikuwepo na hawakuwa wachache. Wala hawakunidanganya. Mpwa wangu hakuwa mmoja wao, hilo tu.

Kisha nikasoma lawama zenyewe. Nyingine zilikuwa za ladha: sukari nyingi, watu wazima wa pembeni wamechorwa kama vikaragosi. Hizo kila mtu na ulimi wake. Lakini lawama moja ilinirudisha sebuleni kwangu. Walisema muujiza wa filamu hii hauna kanuni zinazoeleweka. Majani yanadondoka kwa nini hasa? Timothy anajua nini kuhusu kuondoka kwake? Nani amempa muda, na kwa nini muda ule?

Kabla ya Jumamosi ile ningesema hayo ni maswali ya watu waliosahau utoto. Mtoto hahitaji kanuni, ningesema, mtoto anapokea muujiza ulivyo. Mpwa wangu alikuwa ameuliza swali lilelile la wahakiki. Ana majani mangapi? Kwa mtoto ambaye amewahi kuhamishwa nyumba bila kuelezwa, kanuni ndiyo hadithi yote. Anataka kujua mtoto anaondoka kwa kosa gani, anabaki kwa sharti gani, na nani anahesabu. Filamu ilimwonyesha mtoto mzuri kupindukia, mwema, mkweli, mpendwa wa kila mtu, ambaye bado aliondoka. Halafu mwingine akaletwa kwa gari, kama yeye alivyoletwa. Na mimi nikamwambia huyo wa pili ndiye wa kweli.

Kosa si la filamu. Filamu haikujua atakayekaa sakafuni kwangu. Mimi nilijua.

Nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kosa jingine, na nalitaja kwa sababu nadhani ni la kawaida. Nilihama kambi. Nikaapa sitawasikiliza watazamaji tena. Wiki chache baadaye niliwachagulia watoto wangu filamu ya njozi ambayo wahakiki waliisifu karibu wote, na nusu saa haikupita mdogo alikuwa amelala na mkubwa anaomba ruhusa akacheze. Sifa nilizozisoma zilihusu uongozaji, ukimya wake, jinsi ilivyoepuka majibu mepesi. Zote zilikuwa za kweli, nami niliifurahia peke yangu hadi mwisho. Ila mhakiki alikuwa anajibu swali la kazi yake: filamu hii imetengenezwaje, na imefikia ilichokusudia? Mimi nilikuwa nauliza kama watoto wa miaka 6 na 9 wataipenda siku waliyochoka. Swali langu hakuna aliyekuwa amelijibu, kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Kosa la tatu lilikuwa la hasira. Nilijisajili mahali watu wanapotoa maoni, nikaipa Timothy Green nyota moja, nikaandika aya ndefu kwamba ni hatari kwa watoto walioasiliwa na kwamba walioisifu hawana utu. Siku ya pili mwanamke mmoja alinijibu. Hakunitukana. Aliandika kwamba yeye na mumewe walimuasili binti yao akiwa na miaka 4, kwamba sasa ana 11, na kwamba waliitazama filamu hiyo wakisimamisha kila mara. Alikuwa ameitazama peke yake kwanza. Kila jani lilipodondoka walizungumza. Kwa mara ya kwanza binti yao aliweza kusema anaogopa nini, kwa kuwa alikuwa anasema habari za Timothy, si zake. Akamalizia kwa kuniuliza kama mpwa wangu hajambo.

Nilikaa na maneno yake kwa muda mrefu. Filamu moja, mtoto aliyeasiliwa hapa na mwingine kule. Mmoja imemfunga na mwingine imemfungua. Tofauti ilikuwa umri, miaka ya kukaa na wazazi, na mtu mzima aliyejua kinachokuja. Nikafuta aya yangu, nikaandika nyingine fupi: kwamba nilitazama na mtoto wa miaka 7 aliyeasiliwa karibuni, kwamba filamu ina mtoto anayependwa kisha anatoweka, na kwamba mzazi aitazame mwenyewe kwanza. Nyota nikaweka tatu. Lile onyo, ndilo neno ambalo kama ningelikuta siku ile lingeniokoa, nikaliweka mstari wa kwanza.

Katika miezi hiyohiyo mama aliniomba nimwekee tena filamu ile. Nilishangaa, nikamwambia yaliyotokea, maana tulikuwa tumemficha. Alisikitika sana. Lakini bado aliitaka. Tuliitazama wawili, na kwenye sehemu ya mwisho, Lily akishuka kwenye gari, alinishika mkono.

"Kati ya dada yako na wewe kulikuwa na mwingine," alisema. "Alikaa siku kumi na moja. Alikuja, akaondoka, nikakupata wewe."

Nilikuwa na miaka 38 na sikuwahi kulisikia hilo. Hakuongeza neno, nami sikumuuliza jina, nikaja kumuuliza siku nyingine. Mwisho uleule uliomvunja mpwa wangu ndio ulimfariji mama. Kwake Timothy hakufukuzwa. Alikuwa mtoto kamili kwa muda aliokuwa nao, na aliyekuja baada yake hakuchukua nafasi yake. Nafikiri wengi wa wale waliolia kwenye maoni walikuwa wanalilia kitu cha namna hiyo ambacho hawakukiandika. Unasoma "nimelia sana, kila mtu aitazame," na nyuma yake kuna siku kumi na moja za mtu.

Ndiyo maana siku hizi sibishani na mtu kuhusu kama filamu ya aina hii ni nzuri au mbaya. Filamu za njozi zenye familia katikati zimekuwa hivyo tangu zamani. It's a Wonderful Life ilipotoka mwaka 1946 iliteuliwa kuwania Oscar tano, lakini ukumbini haikurudisha fedha iliyotumika kuitengeneza. Hakimiliki yake haikuhuishwa ilipofika 1974, vituo vya televisheni vya Marekani vikawa vinaionyesha bila kulipia kila Krismasi, na kizazi kilichokua nayo sebuleni kikaifanya ya kwake. The Wizard of Oz ya mwaka 1939 nayo ilipendwa ilipotoka, lakini kwa kuwa ilikuwa imegharimu mno, ilisubiri kuonyeshwa upya miaka kumi baadaye ndipo ianze kuwalipa walioitengeneza. Maoni ya wiki ya kwanza ni ya watu wa wiki ya kwanza.

Mambo yangu yamebadilika hivi. Filamu yoyote ya kuwawekea watoto wa wengine, naitazama peke yangu kwanza, hadi majina yanapomaliza kupita. Nikikosa muda, hatuitazami. Maoni bado nasoma, ila sianzi na yanayosifu wala yanayolaani. Natafuta ya katikati, ya mtu aliyetoa nyota tatu kati ya tano, kwa sababu huyo ndiye hueleza kilichompendeza na kilichomkwaza bila kumtetea mtu. Nikiona lawama natafuta tukio lililo nyuma yake. "Inachosha" haina msaada kwangu. "Mtoto anatoweka na hakuna anayeeleza" ina msaada mkubwa. Kwa alama za watazamaji naangalia pia ni za lini: Rotten Tomatoes walianza mwaka 2019 kutenga maoni ya waliothibitishwa kukata tiketi, baada ya watu kuzizomea filamu kabla hata hazijatoka, kwa hiyo filamu za kabla ya hapo, kama hii, alama zao ni za yeyote aliyepita.

Ile herufi ya umri nayo isikutulize. Timothy Green ina PG, yaani mzazi aongoze, na maneno yanayoifuata hayagusi kuasiliwa wala mtoto kutoweka. Herufi hizo hupima zaidi lugha, damu na mavazi. Huzuni haina kipimo chake. Zipo huduma kama Common Sense Media zinazowaeleza wazazi kilichomo ndani ya filamu, na humo wazazi na watoto huandika wenyewe. Hapo ndipo ninapokwenda kwanza sasa, kabla ya asilimia yoyote.

Kuhusu kufichua mwisho nimebadilika kabisa. Zamani niliona kumsimulia mtu mwisho ni kumnyima haki yake. Kwa mzazi wa mtoto aliyepitia mambo, kumficha mwisho ndiko kumnyima haki. Anayejua kinachokuja anaweza kumsogeza mtoto karibu dakika mbili kabla.

Na mtoto akiuliza, usikimbilie kujibu kama nilivyokimbilia mimi. Hili dada alilipata kwa mshauri, akaniambia siku alipoanza kuniambia mambo tena: mtoto akiuliza ana majani mangapi, muulize yeye anadhani mangapi, kisha nyamaza. Jibu lake litakuonyesha anachoogopa. Baba yake alimuuliza hivyo, wiki nne baada ya Jumamosi ile. Mtoto alifikiri, akasema labda kumi na sita, kwa sababu miezi ilikuwa kumi na sita walipokwenda kwa mjomba. Kumbe naye alikuwa anahesabu.

Mwezi wa nane dada alinipigia mwenyewe. Alikuwa amekwisha kuitazama filamu ile tena, peke yake, mtoto akiwa shule. Alisema ameipenda nusu: yule mvulana anayeigiza Timothy, CJ Adams, ana macho ya mtoto aliyewahi kusubiri, na jinsi Jim anavyohangaika na baba yake mzazi ni jambo la kweli. Nusu nyingine bado hajaisamehe, na hadhani ataisamehe. Kisha akauliza kama nina filamu nyingine ya Jumamosi.

Nilimwandikia hadithi yake yote, ukurasa mzima, kuanzia mwanzo hadi picha ya mwisho, nikaweka dakika ambayo mbwa anapotea na dakika anayopatikana, nikaweka nani anakufa (hakuna) na nani anaondoka nyumbani na anarudi lini. Alijibu baada ya saa moja: "Hii sawa."

Walifika mapema, jua bado liko juu. Mpwa wangu alisikia sauti za watoto wangu huko ndani, akavua viatu mlangoni kwa kuvikanyaga visigino, kimoja kikaangukia ubavu. Alikiacha hivyohivyo, akapita mbio.